Unyevu katika kuta za nyumba ya enzi za Malkia Victoria: tuanzie wapi?

Mkazi wa Leeds
Habari zenu. Tunaishi Leeds, Uingereza, katika nyumba ya matofali iliyojengwa miaka ya 1880, mojawapo ya safu ya nyumba zilizoshikana, huku tukiikarabati chumba baada ya chumba. Ukuta wa mbele wa sebule una unyevu unaokaribia usawa wa dirisha, na lipu inabanduka. Fundi mmoja anashauri tutoboe matundu, tuingize dawa ya kuzuia maji, kisha tupige lipu ya saruji. Mwingine anasema saruji ambayo wamiliki waliotangulia walijazia maungio ya matofali upande wa nje ndiyo chanzo. Tumsikilize yupi?

Mwashi Mstaafu
Msikilizeni wa pili. Kuta nyingi za wakati ule hazina uwazi katikati. Ni matofali tu toka nje hadi ndani, unene wa sentimita 22 hivi, yaliyojengewa chokaa na mchanga. Mvua ikiulowesha ukuta, maji huingia kiasi, kisha hutoka taratibu kupitia maungio, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko tofali na hupitisha mvuke. Ukiyaziba kwa saruji, maji hutafuta njia kwenye tofali lenyewe, na yakiganda wakati wa baridi uso wake humeguka.

Saruji hiyo iondolewe kwa nyundo na tindo, kina cha mara mbili ya upana wa ungio, wala asije mtu na mashine ya kukatia, maana kingo za matofali zikishakatwa hazirudi. Jazeni chokaa halijoto ikiwa juu ya nyuzi 5, usiku na mchana, na mfunike kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka.

Bi Seremala
Naafikiana na Mzee, ila nisingeanzia kwenye maungio. Kwanza tazameni mifereji ya paa mvua inaponyesha, kwa sababu mfereji uliopasuka unaweza kulowesha ukuta kuliko ardhi yote iliyo chini yake. Kisha pimeni usawa wa ardhi ya nje: inafaa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba hizi mara nyingi zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na chini yake hewa hupita kupitia matundu ya ukutani. Yakizibwa, boriti huoza kimyakimya.

Jambo jingine, msipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani ya milango na madirisha. Nyingi ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Mkazi wa Leeds
Ahsanteni sana. Nimetazama: njia ya zege iliyo mbele imefunika matundu mawili ya hewa. Je, tukishaivunja, tunaweza kupiga lipu mara moja?

Mwashi Mstaafu
Hapana. Bandueni lipu iliyooza, mfungue madirisha mara kwa mara, na mwuache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, ikiwezekana kiangazi chote, ndipo mpige lipu ya chokaa. Na kama nyumba imeorodheshwa kisheria kuwa ya kihistoria, ulizeni halmashauri kabla ya kugusa chochote, hata ndani, kwa kuwa kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.