Tupeane uzoefu: peni ya kazi nyingi ya kutembea nayo kila siku, wana Dodoma mnatumia ipi?

Msimamizi wa ujenzi, Ihumwa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia ujenzi wa nyumba huku Ihumwa, na nusu ya kazi yangu ni kuandika. Lori la mchanga likiingia naandika, saruji ikitoka stoo naandika, fundi akichukua advansi naandika. Mwezi uliopita tulibishana na dereva wa lori karibu saa nzima. Yeye anasema ameleta tripu saba, daftari langu linasema tano. Zile mbili nilikuwa nimeziandika pembeni, "zinakuja kesho", kwa wino uleule wa bluu, na zilipokuja sikuzihamisha. Dereva alikuwa na haki yake, nikamlipa. Ila iliniuma sana kuona daftari langu mwenyewe ndilo lililotaka kumdhulumu mtu.

Tangu siku hiyo nimeweka utaratibu: bluu ni kilichoagizwa, nyeusi ni kilichofika, nyekundu ni deni. Na penseli ya kuchorea vipimo. Sasa natembea na vitu vinne mfukoni, nikiinama vinamwagika kwenye zege.

Nimezunguka mjini nikaona aina tatu. Kuna ya plastiki ya rangi nne, ile nene yenye vitufe juu. Kuna ya chuma yenye wino wa rangi mbili tatu na penseli humohumo. Na kuna ile ya pembe sita yenye rula ubavuni, kipimamaji kidogo, na bisibisi ndani ya kofia. Naomba anayejibu awe ametumia mwenyewe, si chini ya mwaka. Ya kuvutia dukani nimeshaziona.

Mwalimu, Kongwa

Mkuu, mimi ni wa plastiki ya rangi nne na sijahama. Muundo huu si wa jana, BIC waliutoa mwaka 1970 na mpaka leo umbo ni lilelile. Ndani kuna mirija minne, kila mmoja una springi yake na kitufe chake. Ukishusha kimoja, kilichokuwa chini kinaachiwa kinarudi juu. Hakuna kingine cha kuharibika.

Darasa langu lina watoto wengi, kwa hiyo nyekundu huisha wakati bluu iko nusu na kijani hakijaguswa. Hili litakukuta na wewe, deni zikiwa nyingi. Ninachofanya ni kununua mbili za aina moja, nyekundu ikiisha kwenye ya kwanza nachomoa ya pili naihamishia. Unafungua kwa kuzungusha tumbo, unavuta mrija taratibu kwa vidole, unasukuma mwingine mpaka ukae. Ya sasa nina mwaka wa tatu nayo.

Kasoro yake ni unene. Ukiandika maandalio ya somo ya wiki nzima kwa mkao mmoja, vidole vinachoka.

Fundi umeme, Chang'ombe

Ile ya pembe sita ninayo, mwaka na nusu sasa. Nikueleze vizuri maana hii ndiyo itakayokuvutia wewe mtu wa saiti.

Bisibisi yake ni nzuri kwa skrubu ndogo: miwani, plagi, kifuniko cha betri cha rimoti. Ina ncha mbili, bapa na nyota, unaigeuza tu. Lakini mwili wote ni chuma na hauna ganda la kuzuia umeme. Kijana wangu wa kazi aliitoa siku moja ili abane waya kwenye soketi wakati swichi kuu haijazimwa. Nilimshika mkono kabla hajafika. Nawaomba wote mnaosoma hapa, hiyo siyo tesita na isikaribie waya wenye moto hata kwa sekunde moja.

Kipimamaji nacho kina mpaka wake. Peni ina urefu wa kama sentimita 15. Ukikosea milimita moja tu hapo, ukauvuta mstari huo mpaka mita tatu za ukuta, kosa limekuwa sentimita mbili. Mimi nakitumia kwa boksi la swichi na kutundikia saa. Ukuta upimwe kwa pimamaji ndefu au mpira wa maji, mkuu, usimruhusu fundi yeyote akwambie vinginevyo.

Rula yake naitumia kila siku. Kile kimpira cha kugusia simu kilipasuka mapema. Sasa kwako wewe, tatizo kubwa ni kwamba ina wino mmoja. Rangi tatu zako hutazipata.

Karani wa mazao, Kibaigwa

Nyongeza fupi. Kama unaandika risiti zenye karatasi ya kaboni chini, chukua wino mzito wa mafuta, ule wa peni za kawaida, na usichukue wino wa jeli. Jeli inateleza, huikandamizi, na nakala ya pili inatoka hafifu mno. Mkulima akirudi na nakala isiyosomeka, gunia zake unazithibitisha kwa kitu gani? Halafu kwa vumbi la huku, jeli ikikaa wazi kidogo inakauka nchani.

Katibu wa kikoba, Mvumi

Wapendwa, mimi naleta ya kwangu ili isimkute mwingine.

Nilizawadiwa peni ya rangi tatu yenye wino unaofutika. Ina kimpira mwishoni, ukisugua, maandishi yanapotea na karatasi inabaki safi. Niliipenda mno. Daftari la kikoba chetu nikaliandika lote kwa peni ile, hisa kwa bluu, mikopo kwa nyekundu, marejesho kwa nyeusi. Miezi mitano ya kumbukumbu za akina mama.

Siku moja nilikwenda mjini na gari la shemeji. Tukaegesha pale Sabasaba, daftari likabaki juu ya dashibodi, limefunuka, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane. Mnalijua jua letu la Oktoba. Niliporudi, kurasa zilizokuwa juu zilikuwa nyeupe. Ukiinamisha daftari kwenye mwanga unaona tu mikwaruzo ya ncha. Miguu iliisha nguvu, nikaketi palepale kwenye kiti cha gari na mlango wazi. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni nyuso za wale akina mama siku ya kikao.

Kumbe wino ule haufutwi na kimpira. Unafutwa na joto. Ukisugua, karatasi inapata moto, na ikifika kama nyuzi 60 rangi inapotea. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inafika huko bila shida.

Aliyeniokoa ni kijana wa steshenari. Aliniambia, mama, weka kwenye friza. Wino huo ukipoa sana, nyuzi kumi mpaka ishirini chini ya sifuri, rangi inarudi. Nikalifunga daftari ndani ya mifuko miwili ya nailoni lisipate maji, nikaomba friza la dada mmoja anayeuza samaki. Asubuhi nililifungua mikono ikitetemeka. Yamerudi! Yamefifia, lakini kila jina linasomeka na kila shilingi. Siku hiyohiyo nililinakili upya lote kwa wino wa kawaida na wenzangu wawili wakishuhudia.

Kaka msimamizi, deni na saini usiziandike kwa wino huo. Hata bila jua, mtu yeyote mwenye kimpira anabadilisha tarakimu, na wewe unabaki bila ushahidi.

Msimamizi wa ujenzi, Ihumwa

Mama katibu, pole sana na ahsante. Daftari langu linalala kwenye dashibodi ya pikapu kila siku. Na moja ya peni nilizotaka kuchukua jana ilikuwa ya aina hiyo.

Nesi, Dodoma mjini

Yangu ni ya chuma, wino mweusi, mwekundu na penseli. Hii haina vitufe vitatu, ina kimoja tu. Unaigeuza peni mpaka alama ya rangi unayotaka itazame juu, ndipo unabonyeza. Ndani kuna kizito kidogo kinachoanguka kwa uzito wake na kuchagua mrija. Kwa hiyo lazima uilaze kidogo. Ukiibonyeza ikiwa wima inakupa rangi yoyote, na hilo lilinisumbua wiki mbili za mwanzo mpaka mkono ukazoea. Zile za kuzungusha hazina hiyo shida.

Spiriti ya kusafishia mikono ilifuta alama za rangi zote. Nimezichora upya kwa rangi ya kucha.

Mpima ardhi mstaafu, Mpwapwa

Mbukwenyi, vijana wangu.

Mimi nitakwenda kinyume na wote. Nimefanya kazi ya pori miaka mingi na mfukoni nilikuwa na peni moja na penseli moja. Kitu cha kazi nyingi kikikwama, kazi zote zimekwama pamoja nacho, nawe uko maili nyingi kutoka duka lolote.

Na hiyo penseli ya ndani ya peni uifikirie vizuri. Risasi yake ni ya milimita 0.5, kwenye karatasi inafaa, kwenye ubao na zege inavunjika kabla hujamaliza mstari. Mbao inataka penseli bapa ya seremala, unaichonga kwa kisu. Kisha penseli ina jambo moja ambalo si kila wino wa jeli unalo: daftari likilowa mvua, maandishi yanabaki.

Muuza steshenari, Majengo

Wakuu, naongea kama muuzaji lakini nasema kweli. Wateja wanaorudi kwangu kulalamika karibu wote walinunua peni nzuri ambayo mrija wake haupatikani hapa.

Kwa hiyo ukifika dukani, lolote lile, ifungue kwanza. Hizi za chuma nyingi hutumia mrija mfupi wa chuma unaoitwa D1, una urefu wa milimita 67 na unene wa 2.35, upime kwa rula. Uzuri wake ni kwamba kampuni nyingi zinautumia, Lamy, Zebra, rOtring, kwa hiyo wa huyu unaingia kwa yule. Ubaya wake, mrija wenyewe ni mdogo na wino wake ni kidogo, na mtu anayeandika kama wewe ataumaliza upesi. Muulize muuzaji hapohapo, "mrija wa hii unao?" Akisema utaagizwa kutoka Dar, jiulize utaandika na nini wakati unasubiri.

Halafu bonyeza kila rangi mara kumi kumi. Andika. Ukisikia ncha inacheza ndani ya tundu, irudishe kabatini. Na mpira laini wa kushikia, kwa joto na jasho unaanza kunata baada ya muda. Chukua yenye mwili mgumu.

Msimamizi wa ujenzi, Ihumwa

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Nimechukua ya plastiki ya rangi nne, mbili kwa mkupuo kama alivyoshauri mwalimu. Moja iko mfukoni, ya pili iko stoo kwa ajili ya mirija. Penseli nimeitenga kabisa, nimenunua ya seremala, mzee wa Mpwapwa alikuwa sahihi, ile nyembamba niliijaribu kwenye papi ikavunjika mara tatu. Ya pembe sita nimemwachia fundi wangu wa umeme, na nimemsomea maneno ya fundi wa Chang'ombe neno kwa neno. Daftari halilali tena kwenye pikapu.

Jana dereva yuleyule ameleta tripu mbili. Nilishusha kitufe cheusi, nikampa peni, akaandika mwenyewe na kusaini.

Kijani ndicho sijakipangia kazi. Wenye matumizi ya kijani, leteni.