Marejesho ya kodi yanaweza kumkosesha kaka posho ya ulemavu Marekani?

Wakuu habari, niko Mbeya hapa Mwanjelwa, kaka yangu yuko Ohio na ni raia wa kule, mgongo umeharibika kazi za ghala haziwezi tena, anataka kuomba SSI (posho ya serikali ya Marekani kwa walemavu na wazee wenye kipato na akiba ndogo), sasa amerudishiwa kodi dola 1,800 na benki alikuwa na 900 anaogopa wataona ana hela nyingi. Msaada jamani.

Mama wa Tukuyu: Pole mdogo wangu. Marejesho ya kodi ya serikali kuu hayahesabiwi kama kipato, na kwenye akiba hawayagusi miezi 12 tangu ayapokee. Kikomo cha akiba ni dola 2,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo wataangalia zile 900 tu. Atunze karatasi za IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) na steitimenti ya benki!!

Mdau Makambako: Kama ametumikia miaka mingi akikatwa Social Security (mchango wa hifadhi ya jamii) aombe na SSDI (bima ya ulemavu ya waliochangia), ile haiangalii akiba kabisa, ila mshahara wanauangalia.

Muuliza swali: Asanteni sana, na vibarua vya masaa machache dukani je?

Mama wa Tukuyu: Avitaje vyote asifiche hata kimoja. Kwenye SSI dola 65 za kwanza za mshahara kwa mwezi wanaziacha, zinazobaki wanahesabu nusu.