Nyuklia ya Buyende, bwawa jingine la Nile, au sola na betri: kipi kitangulie Uganda?

Nguzo_ya_Tororo
Wakuu, tulinganishe bila ushabiki. Upande mmoja kuna kinu cha nyuklia cha Buyende, kando ya Ziwa Kyoga: awamu ya kwanza MW 1,000, na serikali ilitangaza lengo la 2031. Upande wa pili kuna bwawa jingine la Nile, tuseme Ayago, MW 840. Wa tatu ni sola yenye betri. Mitambo yetu yote leo inapita kidogo MW 2,000, na matumizi ya saa za kilele ni kama nusu ya hapo. Kwa hiyo asije mtu na hoja kwamba nchi iko gizani kwa kukosa mitambo. Kinachoulizwa ni umeme wa miaka ya 2030 utoke wapi.

Mto_Mkubwa
Mimi ni wa nyuklia, lakini si kwa sababu ya wingi wa megawati. Jumlisheni: Nalubaale 180, Kiira 200, Bujagali 250, Isimba 183, Karuma 600. Ni MW 1,413 juu ya mto mmoja. Maji yaliyotoka Jinja yanatumika mara nne kabla ya kufika Murchison. Mwaka wa neema hiyo ni faida tupu, lakini ziwa likishuka mabwawa yote yanashuka kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa 2005 na 2006: Ziwa Victoria likapungua, mgao ukawa mkali, ikabidi kukodiwa majenereta ya dizeli kwa bei ya kuumiza. Ayago haiondoi hatari hiyo, ni maji yale yale mara ya tano.

Kinu cha MW 1,000 kinakula tani 25 hivi za urani iliyorutubishwa kwa mwaka. Theluthi moja ya fueli hubadilishwa kila miezi 12 hadi 18, na fueli ya miaka miwili ijayo unaweza kuihifadhi kwenye ghala. Jaribu kuweka akiba ya namna hiyo kwa dizeli.

Masafa50
Hoja ya ukame ni nzito, nakubali. Ila kabla ya kufika kwenye ukame kuna kizingiti cha gridi, yaani mtandao mzima wa mitambo na laini za umeme, na wengi wanakiruka.

Kanuni ya wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi nzima, maana ukizimika ghafla mitambo iliyobaki lazima ibebe mzigo wake papo hapo. Kinu cha MW 1,000 kwa kanuni hiyo kinataka gridi ya MW 10,000. Uganda, Kenya na Tanzania sasa tumeunganishwa na tunakwenda kwa masafa mamoja, hezi 50, lakini hata ukijumlisha vilele vya nchi zote tatu hufikishi MW 6,000. Usiku wa manane ni pungufu sana ya hapo.

Fuata kitakachotokea saa nane usiku kinu kikizimika. Masafa yanaporomoka ndani ya sekunde chache. Laini ya kutoka Kenya inajaribu kuvuta pengo lote, inazidiwa, relei zake (swichi za ulinzi zinazojiendesha) zinaikata. Uganda inabaki kisiwa, imetengwa na gridi za jirani, relei za masafa ya chini zinaanza kukata wilaya moja baada ya nyingine, na kama hazikuwahi, nchi nzima giza. Sasa kinu chenyewe hakina umeme kutoka nje. Na kinu si jenereta, huzimi ukaenda kulala. Cha MW 1,000 za umeme hutoa MW 3,000 za joto, na mara tu kinapozimwa bado asilimia 6 hivi ya joto hilo inaendelea kutoka, yaani MW 180. Baada ya saa moja ni MW 45 hivi, na baada ya siku nzima bado kama 15. Pampu za kupoza lazima zizunguke muda wote huo. Ndiyo maana kuna majenereta ya dizeli ya dharura yanayowaka ndani ya sekunde 10 hadi 15, yakiwa na mafuta ya siku kadhaa. Fukushima 2011 kinu kilijizima vizuri tu, shida ikawa majenereta hayo kufunikwa na maji.

Gridi inayoanguka kila mara inakuwa inayajaribu majenereta hayo kila mara. Hakuna mdhibiti mwenye akili timamu atakayetoa leseni kwa hali hiyo.

Nguzo_ya_Tororo
Masafa50, na hivi vinu vidogo vya nyuklia vinavyotangazwa kila kukicha? Cha MW 100 si kinaingia bila kusumbua?

Masafa50
Kwa ukubwa, kinaingia. Kinachokwamisha ni kwamba dukani hakipo. Warusi wana Akademik Lomonosov, kinu kinachoelea cha MW 35 mara mbili, kazini tangu 2020. Wachina waliingiza kile kinachopozwa kwa gesi cha MW 210 kwenye huduma ya biashara mwishoni mwa 2023. Marekani mradi wa vinu vidogo wa kampuni ya NuScale, jimbo la Idaho, ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei kupanda na wanunuzi kusita. Ukitaka kununua leo, unajifanya wewe ndiye maabara.

Hesabu_Kwanza
Naongeza riba, maana nyuklia ni riba kuliko ilivyo urani. Tuchukulie dola 6,000 kwa kilowati, hivyo MW 1,000 ni dola bilioni 6. Ujenzi miaka minane, fedha zinatoka sawasawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 8, siku ya kuwasha deni limefika kama bilioni 8.2. Ukilipa kwa miaka 40 ni dola milioni 685 kila mwaka. Kinu kikifanya kazi asilimia 90 ya muda, mtaji peke yake ni senti 8.7 za dola kwa uniti. Kwa riba ya asilimia 4 zinashuka hadi 4.5. Fueli, mishahara na matengenezo ni kama senti 2 au 3 zaidi.

Sasa weka kinu hicho hicho kwenye nchi isiyo na wanunuzi, kifanye kazi asilimia 50 tu. Kwa riba ya 8, mtaji unaruka hadi senti 15.6. Deni halijui kama umeme umenunuliwa. Sisi tunalijua hilo tayari: kulipia umeme ambao laini hazikuweza kuubeba si jambo geni hapa, na mwisho wake huonekana kwenye bei ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla.

Na miaka minane ni matumaini. Barakah ya Falme za Kiarabu, wenye fedha na gridi kubwa, walianza kumwaga zege 2012, kinu cha kwanza kikaanza biashara 2021. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza 2007 ikaunganishwa Desemba 2024. Kila mwaka wa kuchelewa unazidisha deni kabla uniti ya kwanza haijauzwa.

Jua_la_Soroti
Ndiyo maana nasema sola. Kilele chetu ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, kwa hiyo paneli bila betri hazisaidii kilele. Tufanye hesabu ya MW 200 kwa saa tano, yaani MWh 1,000. Betri usiinunue ya 1,000 kamili: huimalizi hadi chini, kuna upotevu wa kubadilisha mkondo, na uwezo wake hupungua kila mwaka. Nunua 1,250. Kuijaza kunataka MWh 1,150 hivi kwa siku, na paneli za MW 1 hapa hutoa kama MWh 4.5, hivyo MW 255 za paneli, na ardhi hekta 400 hadi 500. Leo Soroti na Tororo zina MW 10 kila moja na Kabulasoke 20, kwa hiyo ni kuruka, ila si ndoto. Na unajenga vipande vipande, hukopi bilioni 6 kwa mkupuo.

Penye kuharibika: inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa gridi, zikiwekwa mwisho wa laini ndefu dhaifu, volti ikishuka kidogo zote zinajizima kwa pamoja, tena wakati mnazihitaji. Mkataba useme wazi kwamba lazima zivumilie mshuko huo.

Mto_Mkubwa
Na wiki za mvua za Aprili, ndugu yangu?

Jua_la_Soroti
Wiki za mvua ziwa linajaa. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa jua. Paneli zikifanya kazi mchana, Jinja wanapunguza maji na kuyaachia jioni, mradi jumla ya siku isizidi kiasi kilichokubaliwa kulingana na kimo cha ziwa. Bima yako ya ukame inapatikana hapo hapo.

Mto_Mkubwa
Kwa matumizi ya leo, sawa. Viwanda vya chuma na saruji vikiongezeka mara tatu, vinavyokwenda saa 24, betri ya saa tano haitoshi. Ili kufikia umeme wa MW 1,000 za nyuklia kwa mwaka mzima unahitaji zaidi ya MW 4,500 za paneli, kilomita za mraba 70 na zaidi. Ardhi hiyo uitafute Uganda hii hii.

Matete_ya_Kyoga
Hakuna aliyegusa maji ya kupoza. MW 1,000 za umeme maana yake MW 2,000 za joto la kutupwa. Ukipitisha maji ya ziwa moja kwa moja na kuyapandisha nyuzi 10, unahitaji kama mita za ujazo 48 kwa sekunde. Kyoga ni ziwa la kina kifupi, tayari lina joto, na wavuvi wa sato na mukene (dagaa) wako pale pale. Haifai. Iwe minara ya kupoza: maji yanayopotea kwa mvuke ni takriban mita za ujazo 0.7 kwa sekunde, kitu kidogo mno kwa Nile. Hapo hoja ya ukame ya Mto_Mkubwa inasimama.

Kinachonitia wasiwasi ni matete. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kilisukumwa na upepo hadi Jinja, kikaziba mtambo wa Nalubaale, nchi nzima ikazimika. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, mafunjo yaliziba njia ya maji kutoka Kyoga yenyewe. Kwenye mdomo wa kuvuta maji mambo huenda hivi: majani yanakaba machujio, maji upande wa pampu yanashuka kuliko upande wa ziwa, pampu inaanza kuvuta hewa, mvuke haupozwi, tabo (mashine inayozungushwa na mvuke) inajizima. Basi kuwe na vizuizi vinavyoelea mbali na ufuko, vyuma vya kuzuia magogo, machujio yanayozunguka na kujisafisha, na vipimo vya tofauti ya kimo mbele na nyuma ya chujio, vipige kengele mapema. Muhimu kuliko vyote, bwawa tofauti la dharura ndani ya uzio, lenye maji ya kupoza kinu siku 30 bila kuligusa ziwa.

Nguzo_ya_Tororo
Basi kazi gani inaweza kuanza sasa hivi, isiyopotea hata kinu kikichelewa au kisije kabisa?

Masafa50
Laini za kilovoti 400, na kila njia kuu iwe na mbadala wake, kwa sababu Karuma nayo inazihitaji. Akiba inayozunguka, yaani mitambo iliyo kazini yenye nafasi ya kuongeza umeme papo hapo, igawanywe rasmi kati yetu na Kenya na Tanzania, iandikwe nani anatoa megawati ngapi na ndani ya sekunde ngapi.

Matete_ya_Kyoga
Na vipimo vya eneo. Mnara wa hali ya hewa urekodi upepo kila saa, angalau mwaka mzima. Joto la maji lipimwe kwa vina tofauti, masika na kiangazi. Vihisi vya tetemeko vitandazwe mapema, kwa sababu bonde la ufa liko magharibi yetu na tetemeko la Toro liliua watu wengi 1966. Vihisi hivyo vinataka miaka kadhaa ya kumbukumbu ya mitetemo midogo ndipo mhandisi ajue zege la Buyende lihimili mtikisiko wa kiasi gani. Mkandarasi akija kabla ya takwimu hizo, atakadiria juu ili ajilinde, na makadirio hayo tutayalipia kwa nondo.