Hedhi imekata, mifupa inanitia hofu. Maziwa na mazoezi yanatosha?

Mwanakheri: Habarini wapendwa, nina miaka 54, hedhi ilishakata zamani kidogo. Naambiwa baada ya hapo mifupa inakuwa hafifu. Nikinywa maziwa kila siku, nikatembea asubuhi nikaota na jua, inatosha au kuna kingine? Nisaidieni jamani, usingizi siupati kwa mawazo.

BabuMchapo: Bibi yangu kafika 90 anapanda ngazi, hajui kalsiamu ni mdudu gani. Punguzeni kusomasoma magonjwa.

Nesi_Mstaafu: Kutembea kunasaidia ila mfupa unataka mzigo, nyanyua vitu vizito kwa mpangilio, panda ngazi, zoea kusimama mguu mmoja ili usianguke hovyo. Kalsiamu kwa umri wako ni kama miligramu 1200 kwa siku na hiyo ni chakula na vidonge kwa pamoja, watu wanarundika vidonge juu ya maziwa bure tu. Homoni ya estrojeni ikishuka mfupa unaliwa haraka kuliko unavyojengwa, na miaka ya mwanzo ndo mibaya. Ulishapima mifupa?

Mwanakheri: Nilipima dada, walisema iko chini kidogo.

Nesi_Mstaafu: Kidogo ngapi?

Mwanakheri: Ile alama ya uzito wa mfupa (T-score) ni -2.9, ya mgongo.

Nesi_Mstaafu: Mdogo wangu, kuanzia -2.5 kushuka ndo osteoporosisi yenyewe hiyo, ugonjwa wa mifupa kuwa hafifu. Walikupa dawa gani?

Kidoti: Dada yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, shemeji akaenda kununua mkeka wa kuzuia kuteleza, yeye ndo akajikwaa kwenye huo mkeka. Saa hizi wote wanatembelea magongo, ukienda kuwasalimia hujui umpe pole nani kwanza

Nesi_Mstaafu: Mwanakheri, dawa gani?

Mwanakheri: Sindano ya denosumabu, ile ya kila miezi sita. Ya mwisho imepita miezi saba sijarudi. Kabla hamjanirukia, nina jino la kung'oa na nimesoma hiyo sindano inaozesha taya, halafu sisikii ubaya wowote, kwahiyo nimeshaamua kwenda na njia za asili. Na sikuuliza sindano mimi.

BabuMchapo: Safi sana. Taya likioza hayo maziwa utatafunia nini

Nesi_Mstaafu: Maziwa yanatafunwa siku hizi? Sikiliza mdogo wangu, hilo la taya lipo ila kwa dozi ya mifupa ni nadra sana, na jino unapanga na madaktari kabla ya kung'oa. Hatari iko kwenye kuacha. Sindano hiyo ikiisha nguvu mfupa unapungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika, hata kadhaa kwa mpigo, bila kuanguka popote. Anayeiacha anapewa dawa nyingine ishike nafasi, mfano alendroneti, ile unameza tumbo tupu na glasi nzima ya maji na hulali nusu saa. Haiachwi hivihivi.

Mpekuzi99: Mimi huyu simwamini. Alianza hajui kitu, mara ana namba na desimali yake na jina la dawa. Kesho atasema kapona kwa unga wa mizizi, njooni inboksi.

Kidoti: Na Nesi anavyomjibu fastafasta, isije ikawa mtu mmoja akaunti mbili 😂

Mwanakheri: Nauza nini mimi? Majibu ya kipimo ninayo hapa mezani. Sikutaja mapema kwa sababu nilijua mtanigombeza, na ndo mnachofanya. Mwenye nia njema aniambie, nianze kwa daktari wa meno au wa mifupa? Na huu mgongo ulionishika juzi nao unahusika?

Mpekuzi99: Sehemu ya pili ya tamthilia hiyo.

Nesi_Mstaafu: Mpekuzi tupishe. Mgongo umekushika vipi, ghafla?

Mwanakheri: Niliinama kuokota taulo tu.

Nesi_Mstaafu: Meno yasubiri. Nenda leo hii wakupige picha ya mgongo, uwaambie tarehe ya sindano ya mwisho. Na yale ya kunyanyua vitu vizito niliyokwambia pale juu, usiyaguse mpaka picha itoke.