Monita haiwaki tangu umeme urudi, naombeni ushauri wakuu

mleta uzi
Wakuu habari za jioni. Nina monita ya mtumba ya inchi 19, nipo nayo mwaka wa tatu. Karibu mwezi mzima asubuhi ilikuwa inasumbua: taa inapepesa dakika tano ndipo picha inakuja. Juzi umeme ulikatika, uliporudi ikagoma. Taa haiwaki kabisa. Nimebadilisha waya, nikahamia soketi ya friji, kimya. Fundi anataka elfu hamsini, na mtumba nyingine napata kwa elfu themanini.

kijana wa geto
Nunua nyingine mkuu, usijitese.

mama wa stesheneri
Mulika kioo na tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa.

fundi mstaafu
Dada, hiyo ni pale taa ya mbele inapowaka. Yake imezima, umeme haufiki kwenye bodi kuu.

Mleta uzi, ugonjwa umeshautaja mwenyewe: kuchelewa kuwaka asubuhi. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi, zimechoka; zikiwa baridi hazifanyi kazi, zikipata joto zinaamka. Hazikufa juzi, umeme kukatika kumezimalizia tu. Fungua, tazama vichwa vya kapasita kwenye bodi ya pawa. Nzima ni bapa, mbovu imevimba kama andazi. Cheki na fyuzi. Ikiwa imeungua usiweke mpya ukawasha, maana kuna kitu kimeshoti mbele yake, nayo itaungua vilevile.

Ila ile kapasita nene ya volti 400 au 450 usiishike! Inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya. Mimi iliwahi kunirusha toka kwenye kigoda. Iache ikae, kisha ipime na mita ya kupimia volti. Kama bado ina umeme, itoe chaji kwa balbu ya kizamani ya wati 60, siyo bisibisi.

mleta uzi
Nimefungua kwa kadi ya vocha, bisibisi ilikuwa inakwaruza plastiki. Fyuzi nzima. Zilizovimba ni tatu: mbili zimeandikwa 1000µF 25V, moja 470µF 25V. Dukani wana 1000µF za 16V, zinafaa?

fundi mstaafu
Hapana. Volti ziwe zilezile au zaidi, zisipungue. Uliza za kuhimili nyuzi joto 105, siyo 85, na uwaambie ni za pawa saplai. Pima na urefu, mfuniko usije ukakataa kufunga. Upande wenye mstari ndio hasi, ukigeuza italipuka.

mleta uzi
Wakuu, IMEWAKA! Kapasita tatu elfu tatu, jirani kaniazima chuma cha kulehemu. Leo asubuhi imewaka palepale nilipobonyeza. Imebaki skrubu moja mezani, sijui ilitoka wapi.

fundi mstaafu
Itafute ilikotoka kabla hujaisimamisha. Mara nyingi ni ya stendi.