Stephen Gray kawakosea nini waandishi wa noti za Fizikia?

Wakuu, nimekasirika na sifichi. Jana usiku nilikaa na binti yangu wa Kidato cha Pili tukapitia noti za tuisheni, mada ya umeme. Franklin na tiara yake yumo, Volta yumo, Faraday yumo. Tukafika kwenye vipitishi na vihami, yaani vitu vinavyopitisha umeme na vinavyouzuia, nikajua hapa lazima Gray atakuwepo. Hayupo! Imeandikwa tu "iligunduliwa kwamba" baadhi ya vitu hupitisha umeme. Na nani? Mimi ni fundi umeme, kila siku namenya waya, na jambo hili linaniuma.

Stephen Gray alikuwa mtia rangi nguo wa Canterbury, Uingereza, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Uzeeni akaishia Charterhouse, London, nyumba ya kutunzia wazee wasio na uwezo. Ni humo, mwaka 1729, alikuwa na neli ya kioo aliyoiziba ncha zote kwa vizibo vumbi lisiingie. Akasugua kioo ili kipate umeme, akaona nyoya linakimbilia kizibo. Kizibo hakikuguswa! Umeme ulikuwa umehama.

Akaupitisha kwenye kijiti, kisha kwenye kamba. Mwezi Julai akaenda Kent kwa rafiki yake Granville Wheler, wakatandaza kamba ndefu wakiishikilia kwa nyuzi za hariri, wakidhani wembamba wake ndio utakaozuia umeme usitoroke. Ikafanya kazi. Siku moja hariri ikakatika kwa uzito, wakaweka waya mwembamba wa shaba njano (shaba iliyochanganywa na zinki) badala yake. Umeme wote ukapotea. Hapo wakang'amua kwamba wembamba si hoja, hoja ni kitu chenyewe: hariri inazuia, metali inapitisha. Waliporudi kwenye hariri walivuka futi 700.

Jamani, hiyo ndiyo shaba na plastiki ya kila waya ukutani kwenu! Franklin na tiara yake ni 1752, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, walimpa medali yao ya heshima, ya Copley, ya kwanza kabisa, 1731, na mwaka uliofuata wakampa tena. Akafa 1736 humo humo Charterhouse. Hakuna picha yake, na kaburi lake halina hata jiwe.

Nyie mnaotunga na kuuza hizo noti, wengine najua mmo humu: futeni hiyo "iligunduliwa", andikeni jina la mtu.