Magoti yanauma na muda sina: nipunguze vyuma au nivumilie?

Mpanda Ngazi (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina miaka 54, na kazi yangu hunitoa nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kunirudisha usiku, hivyo hubakiwa na dakika 30 tu za mazoezi, mara tatu kwa juma. Huu ni mwaka wa pili nanyanyua vyuma, lakini magoti yamezidi kuuma, hasa ninaposhuka ngazi. Je, niache kuchuchumaa na uzito begani, au nivumilie hadi yazoee? Naomba kuwasilisha.

Babu Kijana
Mwanangu, mimi nina miaka 67, sijawahi kugusa chuma, nami hutembea kila alfajiri bila kusikia goti. (Mke wangu hudai kwamba hayaumi kwa sababu siyatumii, lakini hilo tuliache.) Fanya kama mimi.

Fundi wa Viungo
Kwa heshima yako mzee, kutembea ni kuzuri lakini hakujengi msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaolipunguzia goti mzigo. Gegedu, yaani lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa gotini, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kadiri goti linavyobebeshwa uzito na kupumzishwa, kwa hiyo kulilaza goti si kulitunza. Mleta mada, dakika zako zinatosha, maana Shirika la Afya Duniani hushauri mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili kwa juma. Weka kiti kirefu nyuma yako, ukae na kusimama polepole. Panda kijukwaa kifupi. Lala chali uinue nyonga. Maumivu ya 3 kati ya 10, yanayotulia kufikia kesho yake, hayatishi. Ila umesema yamezidi: uliongeza uzito kwa kasi gani, na kuna dawa yoyote unayomeza?

Mpanda Ngazi
Uzito niliongeza kila juma. Dawa si jambo kubwa: ni vidonge viwili vya kutuliza maumivu kabla ya mazoezi, kwa miezi minne sasa, kwa kuwa bila hivyo siwezi kumaliza. Nimekwisha kujiandikisha katika shindano la kuchuchumaa na uzito kazini, zimebaki wiki 6, na wenzangu wote wanajua. Wala msidhani siujui mwili wangu. Goti la kulia liliumia mpirani nikiwa na miaka 22, miaka 38 iliyopita, na limenibeba hadi leo.

Mpenda Hesabu
Ishirini na mbili ukijumlisha na 38 unapata 60, si 54. Isitoshe, huyu asiye na muda amejibu saa nne asubuhi, dakika mbili tu baada ya kuulizwa. Wakuu, hii ni chai.

Mama Pilika
Hata kama ni chai, mimi nimeungua nayo. Nilimeza vidonge hivyo hivyo nikijiona shujaa, kumbe nilikuwa nimeziba mdomo wa goti lililokuwa likinionya, hadi siku moja likavimba na kukataa kunyooka. Sasa hugawa mazoezi yangu katika vipande vya dakika kumi kumi, katikati ya shughuli, bila kidonge.

Mpenda Hesabu
Tunasubiri umri.

Mpanda Ngazi
Nina miaka 60. Niliupunguza kwa sababu nilijua kwamba ningetaja umri wa kweli, mngeniambia nikatembee alfajiri, na jibu la kwanza kabisa limekuwa hilo hilo. Mengine yote ni kweli. Swali langu linabaki kuhusu hizi wiki 6.

Fundi wa Viungo
Nami linabaki langu: goti hilo huvimba, au hukwama?

Mpanda Ngazi
Hukwama mara moja moja, lakini nikilitikisa hujiachia lenyewe.

Fundi wa Viungo
Ndugu yangu, hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Goti linalokwama, ambalo liliwahi kuumia, lipimwe na daktari kabla hujaubeba uzito mwingine wowote, naye umweleze habari ya vidonge. Mpaka hapo, shindano halina wiki 6 wala 16.

Mpanda Ngazi
Na jina langu limekwisha kubandikwa ubaoni.

Babu Kijana
Kumbe tunakaribiana! Nalifuta lile neno «mwanangu».